Shamba Lililokuwa Ndani ya Mti

Kitinda mimba wetu ndiye aliyeshtakiwa kwanza. Asubuhi moja ya kiangazi nilishuka bondeni kukata majani ya mbuzi, nikakuta shina la mparachichi mkubwa limejaa vijiti vyeupe, vyembamba kuliko njiti za kiberiti, vimetokeza nje ya gome kama ndevu za mzee ambaye hajanyolewa wiki nzima. Nikamwita kwa sauti.

"Wewe! Nani kakutuma kuuchomachoma mti wa baba?"

"Si mimi."

"Si wewe ni nani, mbuzi?"

"Labda umeota miiba," akasema. Alikuwa bado hajang'oa meno ya utoto, na hakuwahi kukosa jibu.

Nikagusa kijiti kimoja ili nikichomoe. Kikasagika, kikawa vumbi kati ya vidole vyangu. Hakikuwa kijiti. Kilikuwa unga wa mbao uliosukumwa kutoka ndani ya mti na kushikamana, kama tambi zinavyotoka kwenye mashine. Mahali kilipotoka palikuwa na tundu la duara, dogo kiasi cha kupitisha ncha ya sindano ya kushonea magunia, na safi mno, ungedhani fundi amelipitisha keekee. Kando ya tundu gome lilikuwa limetoa kitu cheupe mfano wa sukari. Kabla sijaamua la kufanya, mdogo wangu alikuwa amekilamba.

"Ni tamu," akaniambia.

Nikamfuta ulimi kwa upindo wa leso yangu na kumkataza asirudie. Kisha nikauzunguka mti. Matundu yalianzia usawa wa magoti yangu, yakapanda hadi kwenye matawi ya kwanza. Nikaenda kwenye mti wa pili, na wa tatu. Yalikuwapo huko pia. Nikaketi juu ya majani niliyokuwa nimeyakata. Mtoto akadhani ni mchezo, akaja kukaa mapajani mwangu.

Lazima niseme miti ile ilikuwa nini kwetu.

Tulikuwa watatu, upande wa Wusi, katika milima ya Taita: mimi, ndugu yangu wa kiume aliyenifuata, na huyo mdogo. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla mwaka haujageuka. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, mama alipoanza kuugua, na sikurudi tena. Matanga ya baba yalipokwisha, watu wa ukoo walikaa mbele ya nyumba yetu wakatugawa. Nasema walitugawa, lakini sisemi walitaka kututupa. Shangazi yangu wa Sagalla alimtaka mdogo, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Mjomba aliyefanya kazi kwenye reli kule Voi alimtaka ndugu yangu, apate shule ya karibu. Kuhusu mimi, ilitajwa nyumba moja ya watu wema waliokuwa na kijana wa kuoa.

Nilikuwa nikitoa maji ya kunawa. Nikaweka birika chini nikasema, "Tuna miti ya baba. Tuacheni hapa."

Wanaume wakatazamana. Mmoja akacheka, si kwa ubaya. Baba mdogo, ndugu wa pekee wa baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Yeye alizoea kuniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na kila alipoliita jina hilo ilimwia vigumu kunigombeza.

"Miti itawalisha, mama?"

"Ilikuwa ikitununulia chumvi na sukari na mafuta ya taa. Ilimsomesha huyu."

Alifikiri, akikuna goti. "Haya. Miti izae. Msimu ujao ikizaa, mtakaa, na mimi nitakuwa jirani yenu. Isipozaa nitakuja mwenyewe kumchukua mdogo nimpeleke Sagalla, na wewe usinililie."

Nikasema sitalia.

Miparachichi haikuwa mingi wakati ule katika milima yetu. Baba alizipata kokwa zake kwenye bustani ya misheni, akaziotesha katika mikebe dirishani, na miche ilipofika kimo cha mtoto akaipanda bondeni chini ya nyumba, mahali ambapo udongo ni mzito na mweusi. Ilipokua ilifunga vivuli vyake pamoja ikawa kama chumba. Mama alipanda mmoja wake mwenyewe juu kwenye mwinuko wa mawe, kwa sababu baba alikwisha kulijaza bonde. Baba alimcheka. "Huo utakufa kwa kiu," alimwambia. Haukufa. Kila msimu baba alibeba matunda hadi Mwatate, akapanda gari la moshi la kutoka Taveta, akayauza Voi kwa abiria wa treni kubwa ya Mombasa na kwa wenye maduka. Hata katika siku zile za hali ya hatari, askari wakipekua vikapu vya watu stesheni, yeye walimpitisha tu. Walikwisha kuyazoea maparachichi yake.

Basi siku ile, nikiwa nimeketi juu ya majani ya mbuzi, niliona Sagalla kwa macho yangu. Kutoka ukingo wa mlima wetu, hewa ikiwa safi, kilima kile huonekana mbali katika nyika. Nilikitazama nikamkumbatia mtoto hadi akalalamika.

Miti ilikuwa imeanza kuugua kabla ya matundu. Majani yalilegea, yakawa na rangi ya manjano, na yale ya juu kabisa yakapukutika. Kila mpita njia alikuwa na shauri lile lile. "Miti ina kiu, mwanangu," alisema mama jirani, yule aliyetuletea unga tangu siku za matanga. "Kiangazi hiki ni kibaya." Nami niliamini, kwa maana kwetu mti ukinyauka kiangazini mtu hafikirii jambo jingine.

Lakini maji tulikuwa nayo. Hilo lilikuwa jambo la kushangaza na la kushukuru. Mfereji wa kijiji chetu ulitoka kwenye kijito cha juu, ukapita mashamba yote kwa zamu. Mwenye zamu alifungua kinywa cha mfereji kwa jembe, akamwagilia, kisha akakifunga kwa udongo na magome ya mgomba. Zamu ikiisha, maji yaliyobaki njiani yalikuwa yake bado, ayaelekeze apendapo, kwenye migomba yake au kwa mtu anayemtakia mema. Mwaka ule nilikuta bonde letu limelowa karibu kila asubuhi, hata siku ambazo zamu yetu ilikuwa mbali. Maji yalikuwa yamesimama kati ya mashina, yakimetameta. Sikujua ni nani aliyeyaleta. Nilipiga magoti jikoni nikashukuru.

Siku chache baada ya kuona matundu, bwana shamba alipita. Alikuwa mtu wa milima yetu, mrefu, mwenye kaptura ya kaki na soksi zilizopanda hadi magotini, naye alikuwa akikagua matuta na mibuni michache ambayo watu walikuwa wameruhusiwa kupanda. Nikamkimbilia njiani.

"Bwana, naomba unitazamie miti ya marehemu baba."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya kahawa, binti."

"Ni hapo tu chini. Hata jasho halitakutoka."

Akacheka, akashuka nami. Alipoona vile vijiti vya unga hakucheka tena. Akachagua tawi lenye unene wa mkono, akalikata kwa panga, akalipasua katikati kwa urefu, akalilaza kwenye jua juu ya jiwe. Kisha akatoa mfukoni kioo cha kukuzia, akanipa.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona bahari, nimemwona ndugu yangu akisimama mbele ya darasa la watoto akifundisha, lakini sijui kama nimewahi kushangaa kama nilivyoshangaa nilipoinama juu ya jiwe lile.

Ndani ya mti palikuwa na nyumba. Kutoka kwenye tundu la nje, njia iliingia moja kwa moja, kisha ikageuka na kutanuka, ikawa ukumbi mwembamba ulioufuata mti kwa urefu. Mbao ilikuwa nyeupe lakini kuta za ukumbi zilikuwa nyeusi, kama zimepakwa masizi. Na juu ya weusi ule palikuwa na kitu kimeota, cheupe, kimelala sawasawa kama umande kwenye nyasi fupi. Ndani yake walikuwamo watoto wasio na miguu, weupe, wadogo kuliko punje za wimbi, na kati yao mdudu mmoja mweusi, anayeng'aa, mviringo kama punje ya pilipili manga iliyovutwa kidogo. Alikuwa akitembea polepole kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Nyumba yake ilikuwa imepasuliwa vipande viwili na jua linamwakia, naye bado alikuwa kazini.

"Anakula mti wetu," nikasema.

"Hapana," bwana shamba akasema. "Hawezi kuula mti. Ule unga anautupa nje, si umeuona? Anachimba tu. Anachokula ni hicho cheupe."

"Ni nini?"

"Ni kuvu. Namna ya uyoga mdogo sana. Anakuja nao mwenyewe mwilini mwake, kama mama zetu wanavyohifadhi mbegu. Akishachimba anaupanda kwenye kuta, anaupalilia, unaota, analisha wanawe. Huyu ni mkulima kama wewe, binti."

Nikakirudisha kioo machoni. Nilikuwa nimelima tangu nilipoweza kuinua jembe, na nilidhani kulima ni kazi waliyopewa watu peke yao. Hapa palikuwa na shamba lisiloona jua wala mvua, ndani ya tawi nililolipita kila siku, na lilikuwa limepaliliwa vizuri kuliko langu. Hapakuwa na gugu hata moja. Ndugu yangu alikuja akatazama, akatazama tena. Kitinda mimba akauliza kama wana mbuzi.

"Wanaua miti?" nikamuuliza bwana shamba.

"Hiyo kuvu inaziba mishipa ya mti. Kwa kweli wanaua. Kata matawi yote yenye matundu, uyachome moto. Nitarudi na msumeno nikusaidie mashina." Alipangusa kioo chake kwa leso ya mfukoni. "Lakini huyu kwa kawaida hafuati mti mzima. Anafuata mti ambao tayari una shida. Shida ya miti yako ni nini, mimi sijui. Maji unayo."

"Ninayo."

"Basi sijui," akasema tena, akaenda zake kwenye kahawa.

Jawabu lilipatikana nyumbani kwa baba mdogo, na halikutoka kwake. Baba mdogo alikuwa mpishi wa pombe ya miwa, mashuhuri katika sehemu yetu, ingawa mzee wa kanisa alimwonya mara kwa mara na mara kwa mara akaja kuhakikisha kama onyo limesikika. Nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria. Mkewe alikuwa uani akichuja pombe, akichukua kitu kwa ncha ya kidole na kukipangusa ukingoni mwa mtungi.

"Kuna nini humo, mama?"

"Vidudu. Kila jioni. Vinaipenda kuliko wanaume wa hapa, na vyenyewe vinakufa humo humo bila kumtukana mtu."

Nikasogea. Walikuwa wameshikamana ukingoni: weusi, wanaong'aa, mviringo, kila mmoja kama punje ya pilipili manga iliyovutwa kidogo.

Nilisimama pale, sufuria mkononi, na harufu ya chachu ikanipanda puani, nikajua nimeinusa mahali pengine. Si wiki nyingi nyuma baba mdogo mwenyewe alikuwa amepita bondeni kwetu, akasimama chini ya mti mkubwa, akanusa hewa na kusema kwa mzaha, "Mama, mti huu umekunywa wapi?" Tulikuwa tumecheka sote.

Nikaweka sufuria chini, nikarudi mbio. Nikachukua jembe nikachimba kando ya mzizi wa mti mkubwa. Sikuwa nimefika mbali shimo likaanza kujaa maji lenyewe. Nikavuta mzizi mwembamba. Ngozi yake ikatoka kama soksi, nyeusi, na harufu iliyopanda kutoka shimoni ilikuwa harufu ya mtungi wa baba mdogo. Kisha nikapanda mwinuko hadi kwenye mti wa mama. Nikaupapasa wote, kutoka chini hadi nilipofika kwa mikono. Hapakuwa na tundu hata moja. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, na kwenye mawe chini yake udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Miti ya bondeni ilikuwa imezama. Mizizi yake ilikuwa imekosa pumzi, ikachacha, na harufu ile ikatoka kwenda hewani ikiita, na wale wakulima wadogo wakaisikia kutoka sijui msitu gani wakaja.

Jioni ile nilikwenda kwenye kinywa cha mfereji kinachoelekea bondeni kwetu nikakifunga kwa mawe makubwa, nikashindilia udongo mpaka hapakupita hata tone. Nikakaa karibu, nione atakayekuja kufungua. Akaja mama jirani na jembe begani. Kabla hajafika akaja mzee mmoja wa upande wa pili. Nyuma yake nikamwona baba mdogo. Walipoonana walisimama njiani kama watu waliofumaniwa.

"Nimekuja kutazama mfereji tu," mzee akasema.

"Mimi pia," mama jirani akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kanisani tulifundishwa kutoa bila kutangaza, na watu wa kwetu waliifuata sheria hiyo kwa bidii. Kila mmoja, zamu yake ilipokwisha, alikuwa akiyaelekeza maji yake ya mwisho kwa yatima, kimya kimya, akidhani ni yeye peke yake. Kiangazi kile chote, huku migomba yao wenyewe ikikunjamana, walikuwa wametumiminia sisi, wengi wao, kila siku. Sijapata kupendwa namna ile tena. Na upendo ule ulikuwa umeizamisha miti.

"Nani amefunga hapa?" baba mdogo akauliza.

"Mimi, baba."

"Kwa nini?"

"Sitaki maji tena."

Nilikuwa nimeyapanga maneno mengine, mazuri zaidi, lakini haya ndiyo yaliyotoka. Kwetu mtu hukataa chakula akishiba, hukataa hata mchumba, maji hayakataliwi. Mama jirani alishusha jembe polepole. Yule mzee akasema, bila kumtazama mtu, "Haya. Watoto wa siku hizi wameshiba," akageuka akaondoka. Baba mdogo alikunja uso.

"Mama, nimenyima miwa yangu maji kwa ajili yako."

"Najua, baba. Njoo unuse."

"Ninuse nini?"

"Njoo tu."

Nilimshika mkono nikamvuta hadi bondeni, mama jirani akatufuata. Nikamwonyesha shimo. Alipiga goti moja kwa taabu, akachovya kidole, akakileta puani. Alinusa mara ya pili. Mtu aliyechachusha miwa maisha yake yote hahitaji kuelezwa.

"Hii ni chachu," akasema. Nikavunja gome mahali penye matundu, nikamtolea mdudu mmoja kwa mwiba, nikamwekea kiganjani. Alimsogeza kwenye mwanga, na nikaona anamtambua.

"Huyu anakunywa kwangu."

"Ndiye huyo."

"Kumbe ni walevi wenzangu." Lakini hakucheka. Alibaki amepiga goti, akiutazama mti juu mpaka kwenye matawi makavu, kisha maji kwenye shimo, kisha mfereji. Mama jirani alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Tulikuwa tunaiua sisi," baba mdogo akasema.

"Hamkujua," nikasema. "Sikatai mikono yenu. Nipeni majembe badala ya maji. Nataka mtaro wa kutoa maji bondeni kabla mvua za vuli hazijafika. Peke yangu siwezi."

Baba mdogo alisimama akajipangusa goti. Aliondoka bila kuaga, na usiku ule sikujua kama nimeokoa miti au nimejipotezea watu.

Asubuhi mama jirani alikuwa wa kwanza kufika na binti zake. Siku iliyofuata wakaja wengine. Yule mzee hakuja, ila alimtuma mwanawe na maneno kwamba mwanawe hakutumwa. Tulichimba mtaro kutoka katikati ya bonde hadi kwenye korongo, kina cha kiuno, na tulipokata ukingo wa mwisho maji meusi yalitoka yakinuka, yakitiririka kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ardhi ingeweza kuyabeba. Baba mdogo alifika jua likiwa juu. Hakumsalimu mtu. Alishuka mtaroni akaanza kuupanua mahali palipokuwa pembamba, na kila alipopumzika aliniomba maji ya kunywa, kidogo tu, akisema ameambiwa mengi yanadhuru.

Bwana shamba alirudi na msumeno kama alivyoahidi. Miti mitatu ilikwisha kufa; tuliiangusha. Mingine tuliipunguza matawi mpaka ikaonekana kama watu walionyolewa kwa ajili ya msiba. Tulipopasua gogo moja la mti mkubwa nilimwomba kioo chake tena.

Nyumba ya humo ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Mlangoni, kwenye lile tundu la nje, alikuwamo mama yao. Alikuwa amekufa, amekauka, na bado alikuwa ameuziba mlango kwa mgongo wake, kama alivyouziba alipokuwa hai. Lakini ndani shamba halikufa. Kuvu ilikuwa imelala sawasawa kwenye kuta. Kati ya watoto weupe walikuwamo wadudu wenye rangi ya kahawia, ambao weusi wao haujaiva, wakubwa tayari, wenye mabawa yao. Wangeweza kuondoka. Mmoja alikuwa akisukuma unga kuelekea nje. Mwingine alikuwa amesimama juu ya mtoto mweupe, akimgeuza taratibu na kumsafisha, kisha akaenda kwa mwingine.

"Hawa nao ni mama?" nikamuuliza bwana shamba.

Alitazama kwa muda. "Wanaonekana ni wale wa kwanza kuzaliwa. Kwa nini hawajaruka, sijui."

Miaka mingi baadaye kijana mmoja aliyesomea misitu alinithibitishia kwamba baadhi ya jamii za wadudu hao hufanya hivyo: binti waliotangulia hubaki kwanza, hulima na kulea wadogo zao, kisha ndipo huenda. Aliniambia kama habari mpya. Nilimsikiliza kwa adabu.

Siku ile niliinama pale mpaka mgongo ukaniuma. Nyuma yangu moto ulikuwa umekwisha kuwashwa, na ndugu yangu alikuwa akivuta matawi. Nilijua kwamba lazima gogo lile liingie motoni, na kwamba likibaki watatoka wende kwenye miti iliyosalia, na mdogo wangu atakwenda Sagalla. Walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa. Nililiinua mwenyewe, sikumwachia mtu mwingine. Lilikuwa zito. Nilipolitupa, cheche zilipanda juu sana.

Mvua za vuli zilikuja, na mtaro ukazichukua. Kwa muda mrefu miti ilisimama bila jani. Halafu siku moja kitinda mimba alikuja jikoni akinivuta nguo, akisema miti imeota vidole. Yalikuwa machipukizi, mekundu, kwenye mashina matupu.

Msimu ulipofika, mti wa mama ulizaa hadi matawi yakahitaji nguzo. Ile ya bondeni haikuzaa kitu, isipokuwa miwili iliyotoa matunda machache, madogo, kama ya kujaribu. Nilichuma yote. Yalijaza kikapu kimoja kikubwa tu. Wakati wa baba vilikuwa vikapu vya kuhitaji punda. Nilikiweka mlangoni nikakitazama, nami nilijua ahadi ilikuwa nini.

Baba mdogo alikuja asubuhi na mapema. Alikuwa amevaa koti lake la safari, lile la kwenda mbali, na mkononi alikuwa na kanga mpya iliyokunjwa, ya namna wanayofungia nguo za mtoto. Kitinda mimba akaenda kujificha nyuma ya mlango. Ndugu yangu alisimama katikati ya chumba, mikono imekunjwa, kana kwamba angeweza kumzuia.

"Ndiyo haya?" baba mdogo akauliza, akiangalia kikapu.

"Ndiyo haya."

"Yote?"

"Yote, baba."

Alichukua tunda moja, akalibonyeza karibu na kikonyo, akalirudisha. Akatoka nje. Nilimsikia akishuka bondeni. Alikaa huko kiasi kwamba uji uliokuwa jikoni ulianza kushika. Nilitoka nikamwona amesimama kando ya mti mkubwa, kiganja chake juu ya gome, akipapasa matundu ya zamani ambayo mti ulikuwa umeyafunga. Aliinama akanusa shina. Halafu akaenda kutazama mtaro, akaondoa kwa mguu majani yaliyoanza kuuziba.

Alirudi, akaikunja ile kanga kwa duara, akaiweka kichwani kama kata ya kubebea mzigo. Wanaume wa kwetu hawabebi kwa kichwa.

"Nitwike," akaniambia.

"Baba, watu watakucheka."

"Treni ya Taveta hainisubiri mimi. Nitwike, mama, twende Voi."

Mimi na ndugu yangu tukakiinua kikapu, tukamtwika. Akasimama kidogo akitafuta mizani, akishika ukingo kwa mkono mmoja. Kitinda mimba akatoka nyuma ya mlango, akauliza kama naye anaweza kwenda kuona treni.

"Wewe baki ulinde mti wa mama yako," baba mdogo akamwambia. "Ukiota miiba tena, nifahamishe."

Tukashika njia ya kushuka Mwatate, yeye mbele na mimi nyuma yake.